Ushindi wa Kocha, Kipigo cha Goff

Ilikuwa pasi ya yadi 11 tu. Usiku wa Jumapili, tarehe 14 Januari 2024, uwanja wa Ford Field, Detroit. Kwangu Tabata, Dar es Salaam, ilikuwa tayari Jumatatu na kumekucha, daladala zinapiga honi barabarani. Nilikuwa macho tangu saa kumi alfajiri, kompyuta mapajani, sauti nimeizima nisiwaamshe watoto. Detroit Lions 24, Los Angeles Rams 23. Zimebaki dakika mbili, mpira uko kwa Lions.

Kwa asiyeufuatilia mpira wa Kimarekani, hesabu ya pale ni hii. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikizifikisha, inapewa manne mengine. Lions wakizifikisha, mchezo umekwisha, Rams hawaugusi tena mpira. Wasipozifikisha, Rams wanarudishiwa mpira na wanahitaji teke moja tu la kupita katikati ya milingoti, pointi 3, kuizima Detroit. Mpigaji wao alikuwa ameshapiga matatu usiku ule, yote yameingia. Kocha mwenye shaka na kwotabeki wake, yaani yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aurushe au ampe mkimbiaji, hapo humnyang'anya uamuzi. Anaamuru mpira ukimbizwe, saa iendelee kula dakika, liwalo na liwe. Kurusha kuna hatari mbili: pasi ikianguka chini saa inasimama, ikinaswa na adui habari yako imekwisha.

Kocha wa Lions, Dan Campbell, aliruhusu pasi. Kwotabeki wake, Jared Goff, akamtafuta mpokeaji Amon-Ra St. Brown, akamtupia, yadi 11. Baada ya hapo ilikuwa kupiga goti na kuiacha saa iishe. Lions walikuwa hawajashinda mechi ya mtoano tangu Januari 1992, na ule wa 1992 ndio ulikuwa ushindi wao pekee wa mtoano tangu walipochukua ubingwa mwaka 1957. Watu wamezaliwa Detroit, wakafanya kazi, wakastaafu, wakazikwa, bila kuona usiku kama ule.

Naichambua pasi hii kwa sababu ndani yake mna kesi nzima. Miaka mitatu kabla ya hapo, Rams hao hao walikuwa wameamua kwamba Goff, kwotabeki wao wakati ule, hafai kuachiwa mpira katika dakika kama ile. Karibu ukoo mzima wa wachambuzi wa televisheni ukaitikia, ukafunga jalada, na kila kilichotokea baadaye ukakilazimisha kiingie ndani ya jalada lile lile. Akishinda, anabebwa. Akifungwa, mnaona sasa, ndiye huyo.

Nani aliyekuwa akimbeba, na tangu lini? Tuanzie Los Angeles.

Goff alichaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya 2016, yaani zamu ya timu kuchagua vijana wa vyuoni, kijana wa California ya kaskazini aliyecheza chuo kikuu cha Berkeley. Hata kabla hajarusha mpira wa kulipwa, mjadala ulikuwa juu ya viganja vyake: vilipimwa inchi 9, vikaonekana vidogo. Akaanzishwa mechi 7 za mwisho za msimu ule, akapoteza zote 7. Timu ilikuwa imeoza kiasi kwamba kocha mkuu Jeff Fisher alifukuzwa Desemba msimu ukiendelea. Lakini 0–7 ikabaki imebandikwa kwenye jina la kijana wa miaka 22.

Mwaka 2017 akaja Sean McVay, kocha wa miaka 30, na Rams wakashinda mechi 11. Mwaka 2018 wakashinda 13. Novemba ya mwaka huo waliwapiga Kansas City Chiefs 54–51, moja ya mechi zenye pointi nyingi kuliko zote katika historia ya ligi, na Goff alirusha yadi 413, pasi 4 za tachidauni, yaani za kufikisha mpira eneo la goli kwa pointi 6, na moja akaingia nayo kwa miguu yake mwenyewe. Februari 2019, fainali ya Super Bowl mjini Atlanta, wakafungwa na New England Patriots 13–3.

Hapa ndipo madaftari mawili yalipofunguliwa. Ile 54–51 iliandikwa kwa jina la McVay: ubongo wa kocha, mfumo, kizazi kipya cha makocha. Ile 13–3 iliandikwa kwa jina la Goff. Ni watu wale wale wawili, mfumo ule ule, msimu mmoja. McVay mwenyewe, kwa uungwana wake, alisema hadharani baada ya fainali kwamba kocha wa upande wa pili alimzidi. Kauli hiyo iko kwenye kumbukumbu. Haikubadilisha kitu. Aliyekosea akakiri, na deni likabaki kwa mwingine.

Kulikuwa pia na hoja ya redio. Kwotabeki ana spika ndani ya kofia, kocha anaweza kuzungumza naye mpaka zibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo, kisha sauti inakatwa. Ikasemwa kwamba McVay anawapanga wachezaji mapema, anaisoma safu ya ulinzi kwa macho yake, halafu anamnong'oneza Goff afanye nini. Sikatai kwamba Rams walijipanga haraka. Lakini kila kwotabeki wa ligi ile ana spika hiyo. Na sekunde ya 15 ikifika, kocha amenyamaza, mlinzi wa kilo 130 anakuja mbio, mpokeaji amekatiza kushoto badala ya kulia, na mwenye mpira yuko peke yake duniani. Yadi 413 dhidi ya Chiefs hazikunong'onezwa.

Lakini jambo linaloniuma zaidi katika miaka ile ni dole gumba. Tarehe 27 Desemba 2020, wakicheza Seattle, Goff alivunjika dole gumba la mkono anaorushia. Akafanyiwa upasuaji kesho yake. Mechi iliyofuata akacheza mwingine. Tarehe 9 Januari 2021, mtoano, Seattle tena, kwotabeki aliyeanza akaumia mapema, na Goff akaingia uwanjani siku ya 12 baada ya upasuaji. Rams wakashinda 30–20. Haikuwa mechi nzuri kwa macho. Pasi zake nyingi hazikufika. Lakini jaribu kushika hata jembe siku ya 12 baada ya kushonwa dole gumba. Wiki tatu baadaye ikatangazwa kwamba Rams wamempeleka Detroit.

Na hawakumpeleka bure. Walikuwa wamempa mkataba wa dola milioni 134 mwaka 2019. Ili wamwondoe na kumpata Matthew Stafford, kwotabeki wa Detroit, walimtoa Goff, wakaongeza nafasi mbili za raundi ya kwanza za drafti, za 2022 na 2023, na moja ya raundi ya tatu. Ukisikiliza walivyolieleza wachambuzi, Goff hakuwa hata sehemu ya bei. Alikuwa mzigo ambao Detroit walilipwa ili waupokee. Neno lililotumika ni daraja: kwotabeki wa daraja, wa kuvukia tu mpaka apatikane mwenyewe. Kwa lugha yetu ya vijiweni, garasa.

Sasa Stafford. Nampenda Stafford, na sitaki mtu anisome vibaya. Alicheza Detroit misimu 12, akaumia mbavu na vidole kwa ajili ya timu ile, akafika mtoano mara tatu na kufungwa mara zote tatu. Katika miaka yote hiyo wachambuzi walisema: masikini Stafford, amezikwa Detroit, timu inampotezea maisha. Walikuwa sahihi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alipofika Rams akachukua Super Bowl msimu wake wa kwanza, Februari 2022, na alistahili.

Ila tazama kilichotokea kwa yule aliyerithi jezi. Msimu ule ule wa 2021 Lions walishinda mechi 3, wakafungwa 13, wakatoka sare 1. Timu ile ile iliyokuwa ikimzika Stafford. Safari hii hakuna aliyesema masikini Goff. Stafford akifungwa Detroit, kosa ni la Detroit. Goff akifungwa Detroit, kosa ni la Goff. Mtu aniambie kanuni gani ya haki inayoruhusu ushahidi mmoja umwachie huru mshtakiwa wa kwanza na umfunge wa pili.

Nadhani najua sababu, na haianzi na chuki. Inaanza na kutotazama. Lions wa 2021 hawakuonekana kitaifa ila mara chache. Siku yao ya uhakika ni Alhamisi ya Shukrani, ambayo wamekuwa wakiicheza tangu 1934. Mchambuzi aliyeko New York ana mechi kama 14 wikendi moja. Ya Lions anaiona kwa vipande vya sekunde 40 na matokeo chini ya kioo. Anajaza pengo kwa kile alichokwisha kukiamini. Mwenye timu kubwa husamehewa kwa sababu watu wamemwona akipambana. Mwenye timu ndogo huhukumiwa kwa namba ya mwisho.

Hili nilijifunza kwa mzee mmoja wa Ypsilanti, mji ulio magharibi mwa Detroit, chini ya saa moja kwa gari. Nilipanga chumba kwake nikiwa mwanafunzi. Nilifika mwaka 2008, msimu ambao Lions walipoteza mechi zote 16, timu ya kwanza ya ligi kufanya hivyo. Mzee alikuwa mstaafu wa kiwanda cha magari. Kila Jumapili aliwasha televisheni, akaizima sauti, kisha akaweka juu ya meza ya gereji redio ya zamani yenye antena iliyofungwa kwa waya wa shaba, akafungulia watangazaji wa nyumbani. Nilimuuliza kwa nini asisikilize tu televisheni. Akanijibu kwamba wale wa televisheni hawayajui majina ya wachezaji wetu. Picha na redio havikwenda pamoja. Redio ilitangulia kama sekunde nne, kwa hiyo tulisikia pasi imedakwa kabla hatujaiona ikirushwa. Kwa misimu minne nilitazama mpira hivyo, na sijawahi kuona mtu aliyeijua timu kama yule mzee.

Ndiye aliyeniandikia mwishoni mwa 2021, nikiwa nimesharudi Dar zamani: huyu Goff umtazame, usisome magazeti.

Nikamtazama. Tarehe 5 Desemba 2021 Lions walikuwa bado hawajashinda hata mechi moja. Wanakutana na Minnesota Vikings, wanadaiwa 27–23, sekunde zimekwisha mchezo ukiwa hewani. Goff akamrushia St. Brown kwenye eneo la goli, tachidauni, 29–27. Siku tano kabla, wanafunzi walikuwa wameuawa kwa risasi katika shule ya sekondari ya Oxford, kaskazini mwa Detroit, na ushindi ule ulipelekwa kwao. St. Brown mwenyewe alikuwa chipukizi wa raundi ya nne, aliyeyakariri majina ya wapokeaji wote 16 waliochaguliwa kabla yake. Mtoto aliyedharauliwa anadaka mpira wa mtu aliyetupwa. Kwenye vipindi vya kitaifa ilikuwa habari ya kuchekesha: hatimaye Lions wameshinda moja.

Walikuwa wakimcheka Campbell pia. Alipotambulishwa Januari 2021 alisema timu yake ikiangushwa itainuka na kung'ata goti la adui njiani. Sentensi hiyo ikamgeuza kikaragosi kwa mwaka mzima. Wachache walijishughulisha kuona kilichokuwa kinajengwa chini ya kicheko. Meneja mkuu mpya, Brad Holmes, alitoka Rams, ambako alisimamia usajili wa vijana wa vyuoni. Alikuwepo Goff alipochaguliwa 2016. Alijua anachokipokea. Akamchagua Penei Sewell kuwa ukuta wa mbele. Nafasi alizopata kwa Stafford akazigeuza na kuzibadilisha mpaka zikamletea Jameson Williams, Jahmyr Gibbs na Sam LaPorta. Ben Johnson akakabidhiwa mashambulizi kuanzia 2022.

Msimu wa 2022 ulianza kwa ushindi 1 na vipigo 6. Wachambuzi wakawa wanagawa kwotabeki gani wa chuo atakayechukuliwa na Lions kwa nafasi waliyopewa na Rams. Kisha Lions wakashinda mechi 8 kati ya 10 zilizobaki. Goff alimaliza na pasi 29 za tachidauni na 7 tu zilizonaswa. Akapitisha pasi 383 mfululizo bila hata moja kunaswa, akiuvuka msimu na kuingia mwingine. Walio juu yake katika historia ni Aaron Rodgers na Tom Brady.

Mechi ya mwisho ya msimu ule, Januari 2023, ilihamishiwa usiku wa Jumapili, Lambeau Field, kwenye baridi ya Wisconsin. Kabla haijaanza, matokeo ya Seattle yalikuwa yameshawatoa Lions kwenye hesabu za mtoano. Hawakuwa na cha kupata. Green Bay Packers walikuwa na kila kitu. Lions wakashinda 20–16, wakawafungia Packers mlango. Nasimama kidogo hapa kwa sababu kuna msemo uliomganda Goff, kwamba anaweza tu chini ya paa, kwenye joto la Ford Field. Lambeau haina paa.

Unadhani jalada lilifunguliwa? Aprili 2023 Lions walichukua kwotabeki kijana katika raundi ya tatu, Hendon Hooker, jambo la kawaida kabisa kwa timu inayohitaji mtu wa akiba. Siku zilizofuata zilijaa maswali ya lini Goff atapishwa. Msimu wa 2023 Lions wakafungua kwa kuwapiga mabingwa Chiefs nyumbani kwao, 21–20, wakashinda mechi 12, wakachukua kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 1993. Maelezo yakawa tayari: Ben Johnson ni fundi, safu ya mbele ni chuma, wakimbiaji ni wawili, nani asingeweza?

Kila neno hapo ni kweli isipokuwa swali la mwisho. Ufundi wa Johnson unategemea kitu ambacho watu wachache wanakifanya vizuri kama Goff. Anajifanya anampa mkimbiaji mpira, anageuza mgongo kwa safu ya ulinzi, hawaoni kwa sekunde nzima, walinzi wanaingia mkenge na kupanda mbele, kisha anageuka na lazima mpira uwe umeshatoka kuelekea mahali ambapo mpokeaji hajafika bado. Ukichelewa nusu sekunde, mlango umefungwa. Hiyo si kazi ya mtu anayebebwa. Mfumo ni barabara. Bado kuna anayeshika usukani.

Ndipo ratiba ya mtoano ikawaleta Rams Detroit. Stafford anarudi kwenye uwanja aliouchezea miaka 12. Vipindi vya wiki nzima vilikuwa vyake: mapokezi, kumbukumbu, watamshangilia au watamzomea. Goff, aliyekuwa anacheza na kocha aliyemwondoa, alikuwa mtu wa pembeni katika hadithi yake mwenyewe. McVay wiki ile alikiri kwamba angeweza kulishughulikia vizuri zaidi lile la 2021. Nampa heshima kwa hilo.

Uwanja ukajibu kabla ya mchezo. Goff alipotoka kupasha misuli, watu wakaanza kuimba jina lake, Ja-red Goff, Ja-red Goff. Lions wakafunga tachidauni katika mashambulizi yao matatu ya kwanza: wakimbiaji Montgomery na Gibbs, kisha LaPorta aliyekuwa anacheza na goti bovu. Stafford akajibu kwa mikombora, yadi 50 kwa Puka Nacua, 38 kwa Tutu Atwell, na akamaliza na yadi 367. Alicheza vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani kwa wingi wa yadi. Goff alirusha mara 27, zikafika 22, yadi 277, hakuna iliyonaswa. Kipindi cha pili ulinzi wa Detroit uliyumba ukakataa kuvunjika. Katika mechi nzima, mara tatu Rams walifika mlangoni na mara tatu wakaridhika na teke la pointi 3.

Tukarudi kwenye zile dakika mbili. Goff angekuwa wa kubebwa, pale ndipo angebebwa. Campbell alikuwa na wakimbiaji wawili na safu bora ya mbele, kila sababu ya kuuficha mpira. Makocha husema mengi mbele ya maikrofoni, lakini wanachokiamini hukionyesha kwa wanachokiagiza saa ya hatari. Aliagiza Goff arushe. Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akamkabidhi mpira wa mechi na kumwambia kwamba kwa Detroit yeye anatosha. Naamini hakuna sentensi fupi iliyowahi kumjibu mchambuzi kwa ukamilifu namna ile.

Sasa yanayomwangusha, kwa sababu shabiki anayeficha kipigo hana haki ya kudai hukumu ya haki. Goff si mwepesi wa miguu. Ukimfikia usoni kabla mguu wake wa nyuma haujatulia, anapungua sana, kuliko kwotabeki wa daraja la juu kabisa. Novemba 2024 kule Houston pasi zake 5 zilinaswa. Lions walishinda 26–23 kwa teke la mwisho, na siku ile kweli alibebwa. Januari 2025, wakiwa wameshinda mechi 15 na kufungwa 2, wakiwa nyumbani, walitolewa na Washington Commanders 45–31. Pasi zake 3 zilinaswa na mpira mmoja ukamponyoka. Ulinzi ulikuwa umejaa majeruhi, ni kweli, lakini ile mipira minne ni yake. Sitaiandika kwa jina la mtu mwingine.

Ninachokataa ni lile neno lililofuata, kwamba Goff halisi amerudi. Kwa nini wa Houston na wa Washington ndiye halisi? Msimu huo huo, tarehe 30 Septemba 2024, dhidi ya Seattle, alirusha mara 18 na zote 18 zikafika. Katika historia ya ligi hakuna aliyewahi kurusha nyingi hivyo katika mechi moja bila hata moja kuanguka. Kipimo cha kwotabeki kina kilele cha 158.3; yeye alipewa 155.8. Kilele hakikufikiwa kwa sababu pasi zake za tachidauni zilikuwa mbili, na ya tatu hakuirusha: aliidaka yeye, St. Brown ndiye aliyemrushia. Yaani kipimo hakina mahali pa kuandika alichokifanya. Mwaka mzima alirusha tachidauni 37. Na tukirudi nyuma, fainali ya kanda kule San Francisco, Januari 2024, Lions waliongoza 24–7 mapumziko wakafungwa 34–31. Mipira ilidondoka mikononi mwa wapokeaji, Gibbs akaupoteza mmoja, mwingine ukamgonga mlinzi wa Lions usoni ukaenda kwa adui. Goff hakunaswa hata pasi moja usiku ule. Lawama zilimwendea Campbell kwa kukataa kupiga mateke ya pointi 3. Kwa Goff hakuna aliyeandika chochote, upande wowote wa daftari. Akifungwa akiwa msafi, ukurasa unaachwa mtupu.

Kisha Ben Johnson akaondoka, Januari 2025, kwenda kuwa kocha mkuu wa Chicago Bears. Huo ulikuwa mtihani waliouomba wenyewe: mtoe fundi, tumwone garasa. Msimu wa 2025 ulikuwa mgumu, ushindi 9 na vipigo 8, mtoano hawakufika, na mtu wa kuagiza mashambulizi alibadilishwa katikati ya msimu, Campbell akaichukua kazi hiyo mwenyewe. Katikati ya mtikisiko wote huo Goff alivuka yadi 4,000 na pasi 30 za tachidauni kwa mara nyingine. Timu ilishuka, na ilishuka kwa sababu nyingi zinazostahili makala yake. Garasa halikuonekana.

Asubuhi ile ya Januari 2024 nilifunga kompyuta nikaenda kuoga, nikachelewa kazini. Niko kwenye daladala, tumekwama Buguruni, simu ikatetema: mzee wa Ypsilanti amenitumia ujumbe wa sauti. Nikaweka simu sikioni. Hakuwa amesema neno. Alikuwa ameisogeza simu karibu na redio yake ya gerejini, ile ile, nikaitambua kwa mkwaruzo wake. Mtangazaji amenyamaza. Nyuma yake, kwa sekunde arobaini nzima, uwanja unaimba Ja-red Goff, Ja-red Goff, na mechi niliyoitazama usiku kucha bila sauti nikaisikia kwa mara ya kwanza.